Asante Inayotaja Kazi: shajara ya mradi wa dawati la udahili, Mtwara

Aprili, wiki ya mwisho

Mradi unahusu kuwashukuru watumishi kwa tuzo zisizo za fedha, katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha kati mjini Mtwara, chenye programu za ngazi ya 4 hadi ya 6 (astashahada hadi stashahada). Watumishi ni 7: wawili dirisha la maulizo, wawili uhakiki wa vyeti, mmoja wa kuingiza taarifa kwenye mfumo, mmoja wa barua na majalada, na afisa udahili. Fungu la motisha ni sifuri. Kilichopo ni karatasi, muda, na saini ya mkuu wa chuo.

Hatua ya kwanza ni kujua asante iende wapi. Kila mtumishi alipewa karatasi ya A4 yenye safu 3: kazi ninayofanya, nani huiona, ikikosewa nani huumia. Dakika 40, bila kuandika jina. Karatasi zilipopangwa mezani, safu ya kati ilikuwa tupu karibu yote. Kazi pekee inayoonekana juu ni idadi ya waliodahiliwa, kwa sababu ndiyo inayosomwa kikaoni.

Kumbe kazi nzito iko kwingine. Mwombaji wa ngazi ya 4 anatakiwa awe na ufaulu wa angalau masomo 4 ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Cheti chenye D nne, moja ikiwa ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, ukikitazama haraka kimetosha, ukikisoma ni tatu. Mhakiki asipoikamata hapo, jina linapelekwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kuhakikiwa, linarudi limekataliwa, na mzazi wa Tandahimba ameshanunua godoro na sanduku. Namba ya mtihani nayo ina mtego wake: tarakimu moja ikigeuka, mfumo unavuta matokeo ya mtu mwingine kabisa, na huwa mazuri kiasi cha kutotiliwa shaka. Halafu kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la utotoni, cheti cha NECTA, baraza la mitihani, kina jina ambalo kijana alitoka nalo jandoni. Kumweleza mzee kwa heshima kwamba kwa karatasi hizi mwanawe ni watu wawili, na kumwelekeza kwenye hati ya kiapo bila kumfanya ajione ameitwa mwongo, ni ufundi ambao haumo kwenye maelezo ya kazi ya mtu yeyote.

Orodha ya kazi zisizoonekana ikafungwa ikiwa na vipengele 11. Mlinzi wa getini akaongezwa kuwa mtu wa 8 wa mradi. Yeye ndiye anayewapokea wazazi waliosafiri usiku na kufika kabla ya saa 1:30 asubuhi, na jibu lake ndilo sura ya kwanza ya chuo.

Mei, wiki ya 1. Madeni kwanza

Mei Mosi imepita juzi, na kila taasisi imetoa mfanyakazi wake hodari. Hapa kadi ya kwanza ya asante ilizuiwa kwa makusudi hadi orodha nyingine ikamilike: vitu ambavyo watumishi wanadai kwa haki. Viliandikwa upande wa kushoto wa ubao. Upande wa kulia ndio wa tuzo.

Kushoto: saa za ziada za msimu uliopita ambazo hazikuandikwa popote, feni ya chumba cha uhakiki, kiti kilichovunjika mgongo, maji ya kunywa, simu za wateja kupigwa kwenye laini binafsi za watumishi, vocha wakijinunulia.

Sababu ya kuchora mstari huo ni ya kisheria na ya kibinadamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, 9 kwa siku. Saa ya ziada hufanywa kwa makubaliano, hulipwa si chini ya mara moja na nusu, na hazitakiwi kuzidi 50 ndani ya wiki 4. Likizo ya mwaka ni siku 28. Meneja anayempa mtu "siku ya mapumziko kama shukrani" baada ya Jumamosi tatu za kazi hajatoa tuzo yoyote, amelipa deni pungufu na kuliita zawadi. Watumishi hulitambua hilo upesi kuliko wakubwa wanavyodhani. Mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg alilieleza tangu 1959: feni mbovu na malipo yaliyochelewa huleta manung'uniko, na kuviondoa hakuleti ari, kunafuta manung'uniko tu. Lakini yasipofutwa, kadi nzuri kuliko zote inasomwa kama dhihaka.

Laini mbili za ofisi zimesajiliwa. Feni imenunuliwa na kiti kimetengenezwa. Daftari la saa za ziada limefunguliwa: mtu anaandika, afisa anasaini siku hiyohiyo. Saa za msimu uliopita zimepelekwa kwa mhasibu, bado zinasubiri. Kwa hiyo zimebaki ubaoni kushoto, wazi. Kulikuwa na pendekezo la kuzifuta "ili ubao upendeze", likakataliwa.

Mei, wiki ya 3. Kadi

Vipimo: karatasi ya manila ya A4 inakatwa vipande 4, kila kimoja kinakuwa A6. Karatasi 25 zinatoa kadi 100, zinatosha msimu mzima. Upande mmoja una mistari mitatu tu: umefanya nini, kimezuia au kimewezesha nini, tarehe na saini. Inaandikwa kwa kalamu na kukabidhiwa mkononi ndani ya siku 2 za kazi. Ikizidi hapo mwandishi amesahau undani na mpokeaji ameshachoka na jambo jingine.

Yeyote anaweza kumwandikia yeyote. Afisa udahili peke yake ndiye mwenye kiwango cha lazima: kadi 2 kwa wiki, kila Alhamisi kabla ya chai ya saa 4, na mwezi usiishe mtu yeyote kati ya wenzake 7 akiwa hajatazamwa. Kutazamwa hapa maana yake ni kukaa dakika 15 karibu na dawati lake akifanya kazi. Hicho ndicho kipengele kilichopata upinzani, kwa kuwa kinakula muda. Kimebakizwa, kwa sababu mkubwa asiyeona kazi hana cha kuandika.

Kasoro ilijitokeza wiki ya kwanza. Kadi zote 5 zilisema karibu maneno yaleyale: "Hongera kwa kujituma, endelea hivyohivyo." Mpokeaji mmoja aliitumia yake kuwekea kikombe. Zikaandikwa upya. Mfano wa kabla na baada:

Kabla: *Asante kwa kazi nzuri ya uhakiki.*

Baada: *Jumanne uliona namba ya mtihani ya mwombaji wa Nanyamba imegeuzwa tarakimu mbili za mwisho, ukampigia kabla ya kufuta. Angepoteza nafasi kwa kosa la mwenye duka la steshenari aliyemjazia fomu.*

Kipimo cha kadi ni hiki: ukifunika jina la mpokeaji, wenzake wajue ni nani. Wasipojua, inarudi.

Kosa la pili ni la kisheria. Kadi moja ilitaja jina kamili la mwombaji na ufaulu wake, na mpokeaji alitaka kuibandika ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haina msamaha kwa kuwa nia ilikuwa njema. Tangu hapo kadi hutaja wilaya au aina ya tatizo. Jina, namba ya mtihani na simu hazigusi kadi.

Mei, wiki ya 4

Pendekezo la "mfanyakazi bora wa mwezi" limeletwa na uongozi na limejibiwa kwa maandishi. Katika ofisi ya watu 7, tuzo ya mmoja kwa mwezi ina njia mbili tu. Ama inazunguka kwa zamu, na ifikapo mwezi wa tatu kila mtu anajua nani anafuata, au inamganda mmoja na wengine sita wanaambiwa kila mwezi kwamba wao si bora. Tena dirisha la maulizo litashinda daima kwa sababu linaonekana, mtu wa majalada hatashinda kamwe. Uongozi umekubali kungoja.

Juni, wiki ya 2. Kete

Kabla ya kupanga tuzo kubwa kuliko kadi, watumishi waliulizwa wanataka nini, kwa njia isiyowapa nafasi ya kusema kinachompendeza bosi. Bao moja lina kete 64. Kila mtumishi alipewa kete 9, jumla 63, moja ikabaki mezani. Bahasha 8 za kaki ziliwekwa stoo, kila moja imeandikwa tuzo: cheti chenye fremu, picha ubaoni, kutangulia kuchagua siku za likizo, saa 2 za kazi bila simu wala dirisha, barua ya mkuu wa chuo kwenye jalada binafsi, chakula cha pamoja, kwenda kwenye mafunzo ya mfumo, kubadilishana dawati kwa mwezi. Mtu anaingia peke yake, anagawa kete apendavyo, anatoka. Ukiweka kete kwenye bahasha wazi mezani wa mwisho anafuata mkumbo, kwa hiyo bahasha zifungwe mdomo na kuachwa tundu.

Afisa alikuwa ametabiri cheti. Bahasha zilizokuwa nzito ni mbili: saa 2 bila simu, na kutangulia kuchagua likizo. Barua ya jalada ilifuata. Picha ubaoni ilipata kete chache, na kuna wasioitaka kabisa, hivyo imeondolewa. Sifa ya hadharani si zawadi kwa kila mtu. Wapo wanaoona macho ya watu ni mzigo, na mji ni mdogo.

Chakula cha pamoja nacho kilipata kidogo. Fikra ilikuwa ming'oko (viazi pori vya huku) na chai Ijumaa mchana, wakati ambao nusu ya ofisi inajiandaa kwenda msikitini. Hilo lingejulikana bila kete.

Juni, wiki ya 4. Jinsi kila tuzo inavyoendeshwa

*Saa 2 za kimya.* Mhakiki mmoja kwa siku, saa 2 hadi saa 4 asubuhi, anakaa chumba cha nyuma na majalada yake tu. Simu yake inapokewa na mwenzake wa zamu. Hapo ndipo kazi ya macho inapofanyika vizuri, na mtu anatoka akiwa amemaliza kitu. Siku ya kwanza ilivunjika ndani ya nusu saa: mkuu wa idara alibisha hodi "kuuliza dakika moja tu". Suluhisho ni karatasi mlangoni na orodha ya nani wa kuulizwa. Siku ya tatu watu walizoea. Kwa watu wa dirishani saa hizo zimewekwa alasiri, kwa sababu asubuhi foleni haina huruma.

*Barua ya jalada.* Ukurasa mmoja, nakala 3: mhusika, jalada binafsi, ofisi ya utumishi. Itaje tarehe, kazi, na matokeo. Isizidi aya mbili. Inatolewa kwa jambo zito tu, na mtu anaipata bila kuahidiwa. Thamani yake inaonekana mkataba unapohuishwa au cheo kinapojadiliwa na mkubwa mpya asiyemjua mtu. Vyuo vya umma vinavyotumia PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioshika nafasi ya OPRAS ya zamani, vinaweza kuitaja kwenye tathmini.

*Kutoahidi.* Jambo hili lilihitaji maelezo marefu kwa uongozi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio la watoto wa shule ya awali Marekani waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe endapo watachora, baadaye walichora kidogo kuliko walivyokuwa wakichora mwanzo. Waliopewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa hawakupungua. Hapakuwa na senti hata moja. Tuzo isiyo ya fedha nayo inaweza kuua hamu ikigeuzwa ujira wa "fanya hivi upate hiki". Ndiyo maana hapa hakuna tangazo lisemalo kadi 10 zinaleta barua moja.

Julai, wiki ya 3

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Simu hazipumui. Kadi 2 za afisa hazikuandikwa wiki hii. Imeandikwa hapa ili isisahaulike kwamba mpango huanguka hasa wakati unapohitajika. Kuanzia wiki ijayo msaidizi wa msajili ataziandika pale afisa anapozidiwa.

Julai, wiki ya 4. Mgeni wa chai

Watumishi wa udahili wanamwona mtu siku ya shida yake. Akishapokelewa anakwenda darasani, na ofisi inabaki na mwingine mwenye shida. Hawaoni mwisho wa hadithi hata mara moja.

Mfano uliofuatwa ni wa mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake, uliochapishwa 2007. Wapiga simu za kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja cha Marekani walikutana kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda waliotumia kwenye simu ulikuwa umezidi maradufu. Wenzao waliosoma tu barua ya mwanafunzi hawakubadilika. Kwa hiyo barua haitoshi, aje mtu.

Utaratibu: Alhamisi ya mwisho ya mwezi, chai ya saa 4, dakika 10. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili ambaye udahili wake ulikuwa na mkwamo, amekubali kwa hiari na anaweza kukataa bila sababu. Maswali 3: ulikwama wapi, nani alikusaidia na alifanya nini hasa, sasa uko wapi. Hotuba hakuna.

Kikao cha kwanza, cha Juni, kiliharibika. Uongozi ulikuja na mpiga picha wa kurasa za chuo, mwanafunzi akageuka kuwa tangazo, na akashukuru "uongozi mzima". Hakutaja hata dawati moja. Cha pili kilifanyika mlango umefungwa, wafanyakazi wa ofisi peke yao. Mwanafunzi alimtaja mlinzi. Alifika alfajiri na basi kutoka Liwale, akapewa kiti na kuambiwa choo kilipo. Mlinzi aliitwa aje asikie mwenyewe. Kosa la kupanga: hakuna aliyekuwa amepangwa kushika geti, dakika 6 zikapotea kutafuta mtu. Sasa zamu ya geti inapangwa siku moja kabla.

Agosti, wiki ya 2. Nipe nikupe

Tatizo lililotarajiwa limefika. Kadi zimeongezeka ghafla, na nyingi ni za watu wawili wawili wakiandikiana. Chanzo kimepatikana: mtu wa utumishi alikuwa ameanza kuzihesabu kwa taarifa ya robo mwaka. Kitu kikishahesabiwa mbele ya watu, watu wanakizalisha. Hesabu imefutwa na kadi zimebaki kwa mwenyewe. Zingine zimo droo za meza, moja iko kwenye mkoba wa Kurani, na hakuna ulazima wa kuzibandika popote. Upande wa kulia wa ubao umegeuzwa kuwa wa ratiba.

Pia imebainika mtu wa majalada hajapata kadi tangu Juni. Sababu: kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Jalada linapatikana, basi. Njia iliyotumika ni kumwuliza mwenyewe ni kazi gani ya mwezi huu angependa ijulikane. Alionyesha majalada ya miaka miwili aliyoyapanga upya kwa namba ya usajili badala ya herufi ya jina, kwa sababu majina ya huku yanafanana mno. Tangu hapo jalada linatafutwa kwa dakika, si kwa asubuhi nzima. Amepata barua, si kadi. Na kwa haki ilichelewa.

Oktoba, wiki ya 1. Korosho

Wanafunzi wanaripoti wakati korosho bado ziko ghalani. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unasubiri mnada, na fedha huingia benki baadaye. Mzazi amesimama dirishani na stakabadhi mkononi. Ada anayo, ila bado haijawa pesa. Zamani mtu wa dirisha alimpeleka kwa mhasibu, mhasibu akamrudisha kwa msajili, na matusi yote yalimwangukia yule wa kwanza.

Tuzo kubwa kuliko zote za mradi huu imetolewa hapa, nayo ni mamlaka. Watumishi wawili wa dirisha, baada ya msimu mmoja bila kosa la ahadi, wameruhusiwa kusaini wenyewe fomu ya ahadi ya malipo: siku 30, mara moja tu, mzazi awe na stakabadhi ya chama cha msingi na alipe angalau robo ya ada kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo. Zaidi ya hapo inakwenda juu. Mtumishi sasa anasema "ngoja nikusainie, mzee wangu" badala ya "nenda chumba namba 4", na sauti ya dirisha imebadilika.

Kilichoharibika: wiki ya kwanza mhasibu hakupewa sampuli za saini. Wanafunzi wenye fomu halali walizuiwa kupewa vyumba bwenini, na wazazi wakarudi dirishani wakiwa na hasira maradufu. Mamlaka ambayo ofisi jirani haiyajui ni mtego kwa aliyepewa. Sampuli zimepelekwa kwa mhasibu, bweni na getini. Ilitakiwa kufanyika siku 7 kabla.

Tatizo la likizo nalo limeiva. Watumishi wenyewe wana mikorosho, na wote wanataka Oktoba. Waliotangulia kuchagua walichukua wiki nzima, ofisi ikabaki na watu 4. Kanuni mpya: kuanzia nusu ya pili ya Oktoba, mtu mmoja kwa wakati, siku 3 mfululizo, zikiwa ndani ya siku zake 28. Kutangulia kunabaki na thamani kwa sababu siku zinazoungana na Jumamosi na Jumapili ni chache.

Novemba, wiki ya 2. Vinavyopimwa

Vitu vitatu tu, kila Ijumaa asubuhi, dakika 20: makosa yaliyokamatwa kabla ya majina kutumwa NACTVET dhidi ya yaliyorudi baada ya kutumwa, maombi yaliyokaa zaidi ya siku 3 za kazi bila kuguswa, na watumishi walioomba kuhamishwa. Kadi hazimo. Idadi ya simu zilizopokewa haimo pia, kwa kuwa anayepimwa kwa simu hujifunza kuzikata mapema.

Tahadhari kwa atakayesoma takwimu hizo: msimu huu feni, laini za ofisi, saa za kimya na kadi vilikuja karibu pamoja. Haiwezekani kusema kipi kilifanya nini, na taarifa kwa uongozi imeandikwa hivyo.

Yaliyobaki wazi: saa za ziada za msimu uliopita bado ziko ubaoni kushoto. Mkataba wa mlinzi ni wa kampuni ya nje, kwa hiyo barua yake haina jalada la kuingia. Inatafutwa njia ya kuipeleka kwa mwajiri wake. Dirisha la udahili la Machi miaka hii linagusa Ramadhani, hivyo mgeni wa chai atakuwa mgeni wa saa 4 bila chai, na saa za kimya zitasogezwa zianze saa 1:30 asubuhi, kabla njaa haijachosha macho. Manila imebaki karatasi 9.